Upana wa Chumba

Kaskazi iliyopita nilishusha dari ya nyumba moja ya mawe mtaa wa Mkomani, Lamu. Tuliondoa chokaa, tukaondoa mawe ya matumbawe, tukazifikia boriti na kuzihesabu: 32. Nikazigonga moja moja kwa kisogo cha shoka nikisikiliza. Boriti nzima hulia kama chuma, iliyooza hujibu kama boga. Tisa zilijibu kama boga. Zilikuwa zimeoza vichwa, pale zinapoingia ukutani, kwa mvua iliyopenya miaka na miaka bila mtu kuziba. Zile 23 zilikuwa ngumu hata msumari ulipinda. Kwenye moja niliona alama za shoka la aliyeukata mti, mapigo mawili yaliyokutana, safi kama ya jana.

Mimi ni fundi wa nyumba za kale, na babu yangu alikuwa mkata boriti. Nikiiona alama kama hiyo huwa naiwekea mkono.

Mgeni akiingia katika nyumba ya Kiamu huuliza kwa nini vyumba ni virefu lakini vyembamba. Unapita daka, tekani, kiwanda, kisha msana wa tini na msana wa yuu, na kila mahali upana ni ule ule, hauzidi mita tatu hivi. Mwashi hakuupanga yeye. Aliyeupanga ni mti. Boriti ndefu kuliko hapo hupinda chini ya mzigo wa mawe na chokaa, kwa hiyo kimo cha mkoko, mkandaa na muia, miti ya mikokoni, ndicho kilichokata upana wa chumba cha kulala, cha kupokea wageni, na hata cha kuoshea maiti. Chokaa nayo ni matumbawe yaliyochomwa kwenye tanuu, na kuni za tanuu aghalabu zilitoka huko huko mikokoni. Mji mzima wa mawe tunaousifia, ambao UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, kwa kweli ni msitu uliosimamishwa upya juu ya nchi kavu.

Wala si mji wetu peke yake. Katika karne ya 10 mwanajiografia al-Istakhri aliandika kwamba nyumba za Siraf, bandari ya Uajemi, zilijengwa kwa msaji na kwa miti iliyoletwa kutoka nchi ya Zanj, yaani pwani yetu hii. Ng'ambo ile ni jangwa, miti ya kujengea haikuwapo. Kwa hiyo majahazi yalishuka na kaskazi yakileta tende na chumvi, yakarudi na kusi yamejaa boriti. Kuwait wanaziita chandal, na mzee wa huko aliyekulia nyumba ya zamani atakwambia alilala utotoni akizitazama. Mwaka 1939 Alan Villiers, baharia kutoka Australia, alikuwa ndani ya bumu la Kuwait la nahodha Ali bin Nasr al-Najdi lilipoingia delta ya Rufiji kupakia shehena hiyo. Aliyaandika aliyoyaona, na kwa hilo namshukuru, maana wakataji wenyewe, karne kwa karne, hakuna aliyewaandika.

Nitamwandika mmoja. Babu yangu aliondoka nyumbani maji ya bamvua yalipokaribia, kwa sababu maji mafu hayafikishi chombo ndani ya vijito. Walikwenda kundi la watu sita au saba, na maji ya kunywa kwenye mapipa, kwa kuwa huko maji yote ni ya chumvi. Walikata maji yakitoka, wakapakia maji yakijaa. Hesabu yao ilikuwa ya korja, yaani miti 20, na mti ulipewa jina kwa unene wake: fito, kisha pau, kisha boriti, kisha nguzo. Hakuhitaji kipimo. Alikumbatisha viganja kwenye gome na jina likamtoka mdomoni.

Mwaka 1978, nikiwa na miaka 12, alinichukua hadi upande wa kijito cha Dodori. Nakumbuka tope lilivyonimeza hadi magotini na mbu walivyotukaribisha. Nilichagua mti mmoja ulionyooka vizuri, nikainua panga. Akanishika kiwiko. "Uwate huo," akasema. "Hauyawa." Ulikuwa pau bado, haujafika boriti. Kisha akanionyesha kisiki cha zamani, cheusi, kilichokauka. Akaniambia mchu ukiukata huchipua, lakini mkoko hauchipui. Ukishaukata mkoko umeumaliza, na tamaa yote ya kuupata tena iko kwenye yale matunda marefu ya kijani yanayoota yakiwa bado juu kwa mama yake, ili yakianguka yajichome kwenye tope. Hukati kabla mama hajazaa.

Nimeishi na maneno hayo, na nayaamini. Lakini imenibidi nikiri jambo ambalo babu hakuniambia, pengine kwa kuwa hakuliona. Mkataji alitaka mti ulionyooka. Uliopinda aliuacha. Ukifanya hivyo kizazi baada ya kizazi, unaobaki kuzaa ni ule uliopinda. Watafiti waliopima misitu ya Lamu wamekuta fito na pau kwa wingi na boriti za kweli chache, na miti mingi iliyosimama ni ya kombokombo. Mimi sikuhitaji utafiti. Nikiagiza korja moja leo, naweza kuketi uani na kutupa nusu yake. Shoka la heshima nalo lilikula.

Serikali hazikukaa kimya. Wajerumani walitenga mikoko ya Rufiji mwaka 1898. Upande wetu, mwaka 1932 mikoko ya pwani ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali. Mwaka 1982 Kenya ikapiga marufuku kuuza boriti nje, na babu akavua shoka lake kwenye mpini akaliweka juu ya kabati. Wakati huo Ghuba ilikuwa imeshapata saruji na chuma. Mwaka 2018 ikaja marufuku nyingine ya kukata miti nchini kote, na kwa mwaka mzima nilitazama familia za wakataji zikikopa unga.

Siwalaumu waliotoa amri hizo. Lakini msitu ulioumia vibaya kabisa pwani hii haukuumizwa na watu wanaojua kutofautisha pau na boriti. Pale Gazi, kusini mwa Mombasa, mikoko ilifyekwa kuwa kuni za viwanda vya chokaa na matofali, kufikia miaka ya 1970. Tanuri halichagui unene wala unyoofu, linataka moto tu. Mkoko usiochipua ukaacha ufuo mtupu, mchanga ukahama, samaki wakapungua. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti, akiwamo Dkt. James Kairo, wakaanza kupanda upya pamoja na wanakijiji, mche kwa mche. Tangu mwaka 2013 mradi wa Mikoko Pamoja unalinda hekta 117 na kuuza hewa ya ukaa iliyofungwa ndani ya miti na tope lake, na fedha zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule. Zamani tulilipwa kwa mti uliolala jahazini. Wale wanalipwa kwa uliosimama.

Kenya ina hekta 61,000 hivi za mikoko, na karibu asilimia 61 iko Lamu. Kamba, kaa na vichanga vya samaki hulelewa katikati ya mizizi ile, na wimbi la kusi huvunjikia pale kabla ya kufika kwenye kuta. Tangu ujenzi wa bandari mpya kwenye Ghuba ya Manda uanze, baharini kumechimbwa na mikoko imeondolewa, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamuru wavuvi walipwe shilingi bilioni 1.76. Fedha haioti matunda ya kujichoma topeni.

Kwa ile nyumba ya Mkomani nilimwendea mkataji mmoja wa Matondoni mwenye leseni, mtu mwangalifu, nikamwomba boriti 9 za kimo cha zamani. Akaenda bamvua ya kwanza, akaenda ya pili. Alileta saba. Akaniambia nyingine alizoziona zilikuwa hazijafika, naye kaziacha, na uso wake ulikuwa wa mtu anayeomba radhi. Nikamwambia asiombe. Tukapandisha 30 badala ya 32, nafasi kati ya boriti na boriti ikaongezeka kidogo, tukaweka mawe, tukamwaga chokaa. Ukilala chali mle ndani, utaiona.