Waitaliano ni watu wa aina gani? Zijue desturi zao, kuanzia salamu hadi msiba

Kwa wakazi wa Itigi na Manyoni mkoani Singida, Mwitaliano si mtu wa kumwona kwenye mpira wa runinga tu. Hospitali ya Mtakatifu Gaspar, iliyofunguliwa Itigi mwaka 1989, ilianzishwa na Wamisionari wa Damu Azizi, shirika lililozaliwa Italia. Kwa miaka mingi mapadre, madaktari, mafundi na watu wa kujitolea kutoka nchi hiyo wamekuwa wakija na kuondoka.

Hata jina la hospitali limetoka huko. Gaspar del Bufalo alikuwa padre aliyezaliwa Roma mwaka 1786, akaanzisha shirika hilo mwaka 1815 huko Giano dell'Umbria. Umbria ni mkoa wa katikati ya Italia usiofika baharini, kama Singida. Tena ikifika Julai mashamba yake huwa ya njano kwa alizeti. Waitaliano huita alizeti "girasole", yaani kinachogeukia jua.

Anayefanya kazi na Waitaliano au kuishi jirani nao hukuta mengi yanafanana na ya kwetu. Machache ndiyo yanapishana, na hayo machache ndiyo huzaa lawama: huyu ana dharau, yule ana hasira. Mara nyingi si dharau wala hasira. Ni desturi tu.

Kwanza ni mtu wa kwao, halafu ni Mwitaliano

Italia kama nchi moja ni ya mwaka 1861. Kabla ya hapo ilikuwa falme na miji iliyojitawala, kila mmoja na lugha yake, chakula chake na mtakatifu wake. Leo ina mikoa 20, na mtu bado hujitambulisha kwa alikotoka: Napoli, Venezia, Sicilia. Mapenzi hayo ya kwao huitwa "campanilismo", kutokana na "campanile", mnara wa kengele wa kanisa. Maana yake ni kwamba mnara wa kijiji changu ndio bora kuliko yote.

Wanataniana sana pia. Watu wa kusini huwaita wenzao wa kaskazini "polentoni", yaani wala polenta. Polenta ni uji mzito wa unga wa mahindi unaosongwa kwa mwiko mpaka ushikane. Kwa kifupi, ni ugali.

Ugali huo una historia ya uchungu. Karne ya 18 na ya 19, maskini wengi wa kaskazini walikula polenta tupu kila siku, bila nyama, maziwa wala maharage. Maelfu waliugua pelagra, ugonjwa wa upungufu wa vitamini unaoharibu ngozi, tumbo na akili. Kosa halikuwa la mahindi. Kilichokosekana ni mboga.

Salamu: "ciao" si ya kila mtu

Wengi hujifunza "ciao" wakadhani wamemaliza. Neno hilo ni la marafiki, ndugu na vijana wa rika moja. Lilitokana na maneno ya watu wa Venezia yenye maana ya "mimi ni mtumwa wako", lakini siku hizi hakuna anayelifikiria hivyo. Kwa mzee, bosi au mtu usiyemjua, salamu ni "buongiorno" mchana na "buonasera" kuanzia alasiri au jioni.

Heshima yao iko pia kwenye kitenzi. Mtu wa karibu huitwa "tu", mtu wa kuheshimiwa huitwa "Lei". Kumwita mzee "tu" bila ruhusa yake ni kama kijana wa Singida kumpita mzee barabarani bila shikamoo. Lakini Mwitaliano hana salamu ndefu ya habari za nyumbani, watoto na mifugo. Akisalimia mara moja na kuingia kwenye kazi, hajakudharau. Kwake salamu imeshaisha.

Jambo jingine ni "dottore". Italia, mtu yeyote mwenye digrii ya chuo kikuu anaweza kuitwa hivyo, awe mwanasheria au mhasibu. Kwa hiyo mgonjwa asimkimbilie kila anayeitwa dottore akidhani atapata dawa.

Halafu kuna mikono. Vidole vitano vikikutanishwa ncha zielekee juu na mkono ukatikiswa, maana yake ni "unasema nini wewe?" au "unataka nini?" Wawili wakibishana kwa sauti kubwa na mikono ikaruka hewani, mgeni anaweza kudhani ngumi ziko njiani. Dakika tano baadaye wako pamoja wanakunywa kahawa.

Mezani hakuna haraka

Kahawa yenyewe ndiyo kitu pekee cha haraka. Espresso ni kikombe kidogo, kahawa nzito, inanyweka umesimama kaunta, chap, mtu anaondoka. Cappuccino, yenye maziwa, ni ya asubuhi. Ukiiagiza baada ya chakula cha mchana hakuna atakayekukataza, ila watajua wewe ni mgeni.

Chakula cha mchana huwa kati ya saa 7 na saa 8, cha usiku kuanzia saa 2. Kwenye miji midogo maduka mengi hufungwa mchana na kufunguliwa tena alasiri. Mlo kamili una hatua: kwanza tambi au wali, kisha nyama au samaki pamoja na mboga, mwisho matunda. Havipakuliwi vyote kwenye sahani moja kama tulivyozoea. Mgeni anayejaza tumbo kwa tambi hushangaa kuona nyama ndiyo kwanza inaletwa.

Tambi ndefu hazikatwi kwa kisu, huzungushwa kwenye uma. Mchuzi ukibaki, nyumbani watu huufuta kwa kipande cha mkate, kitendo kinachoitwa "scarpetta". Anayemalizia mlenda kwa tonge la mwisho ataelewa bila kufundishwa. Piza nayo ina wenyewe: mwaka 2017 UNESCO iliingiza ufundi wa wapika piza wa Napoli kwenye orodha ya urithi wa binadamu.

Tofauti kubwa na Singida ni kuhusu wageni. Kwetu mgeni anaweza kubisha hodi wakati wowote, na jungu likaongezwa maji. Mwitaliano hutarajia kupigiwa simu kwanza. Ukienda, usiende mikono mitupu. Keki, peremende au chupa ya mvinyo inatosha.

Jioni jua likishuka watu huoga, huvaa vizuri na kutoka kutembea polepole barabara kuu ya mji. Matembezi hayo huitwa "passeggiata". Hawaendi popote. Wanasalimiana, wanaonana na kuonekana.

Ndoa: mali ilitoka kwa bibi harusi

Hapa Mtanzania atashtuka kidogo. Kwa karne nyingi Italia ilikuwa na "dote", mali inayotolewa na familia ya msichana kwenda upande wa mume. Ni kinyume cha mahari yetu, ambapo ng'ombe wanatoka kwa muoaji. Baba mwenye mabinti wengi alikuwa na mzigo, na msichana asiye na dote angeweza kuishia bila kuolewa. Sheria ya familia ya mwaka 1975 iliifuta dote na kuwapa mke na mume haki sawa ndani ya ndoa. Talaka iliruhusiwa mwaka 1970, na wananchi walipopiga kura mwaka 1974 wakakataa kuifuta.

Mwanamke wa Kiitaliano akiolewa anabaki na jina lake la ukoo. Kwa hiyo ukiona mume na mke wana majina tofauti kwenye hati zao, usidhani hawajaoana.

Harusini wageni hupewa lozi 5 zilizopakwa sukari, zikiwakilisha afya, mali, furaha, uzazi na maisha marefu.

Bahati, sikukuu na msiba

Namba ya mkosi Italia ni 17, si 13. Mtu akisikia habari ya kutisha hugusa chuma ili balaa limpite.

Krismasi huendana na pango la Mtoto Yesu, desturi inayohusishwa na Fransisko wa Assisi, mtu wa Umbria, aliyeigiza tukio la Bethlehemu kijijini Greccio mwaka 1223. Usiku wa kuamkia Januari 6 watoto husubiri Befana, bibi kizee anayepita na ufagio akileta peremende kwa watoto wema na makaa kwa watukutu. Agosti 15 ni Ferragosto, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, na pia kilele cha likizo. Ofisi nyingi hulala. Anayesubiri barua au malipo kutoka Italia wiki hiyo ajiandae kusubiri zaidi.

Mtu akifa, kwenye miji mingi midogo matangazo yenye jina lake hubandikwa ukutani ili kila mpita njia ajue. Novemba 2 familia huenda makaburini na maua ya krisantemu. Ndiyo maana maua hayo hayapelekwi kwa mwenyeji aliyekualika chakula. Ni kama umempelekea rambirambi akiwa hai.

Wazee wengi, watoto wachache

Picha ya Mwitaliano mwenye watoto wanane na bibi jikoni imebaki kwenye filamu. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, wastani wa watoto kwa mwanamke Italia uko chini ya wawili. Vijana wengi hukaa kwa wazazi hadi karibu miaka 30, kwa sababu ajira na nyumba vimekuwa vigumu. Vijiji vya milimani vimebaki na wazee, na wengi wao hutunzwa na wanawake wahamiaji wanaolipwa, wanaoitwa "badante".

Upungufu huo unagusa hadi kanisani. Italia, iliyotuma mapadre na masista mpaka Manyoni, sasa haina vijana wa kutosha wa kujaza nafasi zao. Kazi walizoanzisha huku zinaendeshwa na Watanzania. Na parokia nyingi za Italia leo zinahudumiwa na mapadre kutoka Afrika, Watanzania wakiwemo, ambao nao hulazimika kujifunza ni nani wa kumwambia "ciao" na ni nani wa kumwita "Lei".