Pampu ya Notre-Dame: Mtambo wa maji uliosalia karatasini

MIONGONI mwa picha zinazotunza sura ya kale ya jiji la Paris ni ile iitwayo La Pompe Notre-Dame, yaani Pampu ya Notre-Dame, iliyotolewa mwaka 1852 na msanii wa Ufaransa, Charles Meryon.

Picha hiyo haionyeshi kasri wala mfalme. Inaonyesha mtambo wa maji uliosimama ndani ya Mto Seine, ubavuni mwa daraja la Notre-Dame, tangu karne ya 17. Mkondo wa mto ulizungusha magurudumu, nayo yakaendesha pampu zilizopandisha maji hadi juu ya mnara. Kutoka huko, maji yaliteremka kwa mabomba hadi sehemu za umma ambako wananchi waliyachota.

Kinachovuta jicho ni msitu wa nguzo na mihimili ya mbao ulioubeba mtambo huo juu ya maji. Nyuma yake huonekana minara ya kanisa kuu la Notre-Dame.

Ili kupata picha ya aina hiyo, bamba la shaba hupakwa nta, kisha msanii huchora kwa sindano hadi shaba ionekane. Bamba hutiwa katika tindikali, ambayo huila shaba pale tu ilipokwanguliwa. Hatimaye hupakwa wino, hufutwa juu, na kugandamizwa kwenye karatasi, ambayo huunyonya wino uliobaki katika mistari.

Meryon, aliyezaliwa Paris mwaka 1821, alikuwa ofisa wa jeshi la majini na katika miaka ya 1840 alifika hadi New Zealand. Macho yake hayakuweza kutofautisha baadhi ya rangi, hivyo aliachana na uchoraji wa rangi na kushika sanaa hiyo ya mistari na wino. Pampu ni sehemu ya mfululizo wake wa Paris, wenye picha 22, alioutoa kati ya mwaka 1850 na 1854.

Mwaka 1853, Georges Haussmann aliteuliwa kusimamia jiji hilo, na mitaa mingi ya kale ikabomolewa kupisha barabara pana. Pampu nayo haikusalimika. Iliondolewa kabla ya miaka kumi kupita tangu picha ilipochapwa.

Mshairi Charles Baudelaire aliisifu kazi ya Meryon mwaka 1859. Hata hivyo, sifa hizo hazikumwondolea umaskini. Akisumbuliwa na maradhi ya akili, alilazwa mara mbili katika hospitali ya Charenton, alikofariki dunia mwaka 1868 akiwa na umri wa miaka 46.

Nakala za picha hiyo zimehifadhiwa katika makumbusho makubwa ya Ulaya na Marekani, wakati mtambo wenyewe haupo tena mtoni.