MAILI ZAKO ZIKO WAPI? Kutoka Mizani ya Pamba Usukumani Hadi Pointi za Ndege

Mchukulie dada mmoja wa Bariadi. Jina halina haja, maana wapo wengi wa aina yake na kila mtu mjini anamjua angalau mmoja. Ana duka la simu, na mara mbili kwa mwaka anafuata mzigo Guangzhou, China. Safari yake inaanza na basi la alfajiri: Bariadi, Lamadi, Magu, mpaka Mwanza. Hapo anadaka ndege ya Dar, na Dar ndipo safari yenyewe inapoanza. Picha ya dirishani inapigwa, inatupiwa Insta na maneno "Mungu ni mwema", laiki zinamiminika.

Dada huyu ana kadi ya ShebaMiles, mpango wa Ethiopian Airlines wa kumpa maili abiria anayesafiri mara kwa mara. Safari hii lakini alikata tiketi ya shirika jingine, kwa sababu bei ilikuwa poa na wakala alimwambia, "Hao ni washirika dada yangu, maili zinaingia tu." Akaenda, akarudi. Wiki zikapita. Anafungua akaunti yake: hola. Na zile maili alikuwa anazihesabu zimsaidie tiketi ya mdogo wake, waende wote akajifunze biashara. Hapo ndipo neno "wameniibia" linapotoka.

Wameiba kweli? Kulijibu hilo inabidi kurudi nyuma. Na kurudi kwenyewe hakuanzii uwanja wa ndege, kunaanzia kwenye pamba.

MIZANI ILIKUWA YA NANI?

Kabla ya vyama vya ushirika, mkulima wa pamba Usukumani alipeleka mzigo wake kwa mfanyabiashara. Mfanyabiashara huyo ndiye mwenye mizani. Ndiye anayesoma uzito, ndiye anayeandika, ndiye anayelipa. Mkulima kazi yake kusimama pembeni na kuamini. Malalamiko ya kupunjwa yakawa mengi, na mkulima hakuwa na kitu cha kuonyesha zaidi ya maneno yake.

Walichofanya ni akili tupu. Wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe, pamba ipimwe kwanza upande wa mkulima ndipo iende kwa mnunuzi. Ukifika na uzito wako umeandikwa, mazungumzo yanabadilika. Kutoka hapo vyama vya wakulima vikakua, na mwaka 1955 likazaliwa shirikisho kubwa la ushirika wa pamba Kanda ya Ziwa, Victoria Federation of Co-operative Unions. Aliyekuwa mstari wa mbele ni Paul Bomani, ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Fedha, na kuanzia 1972 mpaka 1983 akawa balozi wa Tanzania nchini Marekani.

Shika hiyo miaka. Maana Bomani akiwa huko huko Marekani, mizani mpya kabisa ilikuwa inatengenezwa.

MAREKANI, 1981

Zamani serikali ya Marekani ndiyo iliyokuwa inasimamia nauli na njia za ndege za ndani. Sheria ya mwaka 1978 ikafungua mlango, kila shirika lipange bei lake na liruke linapotaka. Vita ya wateja ikaanza. Tarehe 1 Mei 1981, American Airlines wakaja na mpango wa AAdvantage. Walikuwa tayari na mfumo wa kompyuta wa kukatia tiketi, Sabre, wakautumia kuwatambua abiria wanaorudi rudi. Ukiruka nao, maili zako zinaandikwa. Zikifika idadi fulani, unapata tiketi. United wakafuata mwezi huo huo, na wengine wakaingia mbio.

Kumbuka kilichotokea hapo. Abiria alipewa daftari, ila daftari lenyewe linakaa kwa mwenye ndege.

Huku kwetu wakati huo mambo yalikuwa tofauti. East African Airways, shirika la pamoja la Tanzania, Kenya na Uganda lililoanza 1946, lilikufa mwanzoni mwa 1977. Tarehe 11 Machi 1977 ikaanzishwa Air Tanzania. Habari kubwa ilikuwa ndege ziwepo na ziruke. Nani angeongelea pointi?

UNDUGU WA NDEGE

Maili zilifika kwetu kwa njia ya ushirika, na safari hii ni ushirika wa mashirika ya ndege. Mwaka 1996 KLM ya Uholanzi ilinunua asilimia 26 ya Kenya Airways. Mwaka 2003 Kenya Airways nayo ikanunua asilimia 49 ya Precision Air, shirika ambalo watu wa Kanda ya Ziwa wanalijua vizuri. Pembeni, dunia nzima ilikuwa inajigawa makundi: Star Alliance 1997, oneworld 1999, SkyTeam 2000. Kenya Airways ikawa mwanachama kamili wa SkyTeam Juni 2010. Ethiopian ikaingia Star Alliance Desemba 2011. Miezi mitatu baadaye, Machi 2012, mkoa wa Simiyu ukatangazwa rasmi, Bariadi ikawa makao makuu.

Kwa hiyo mkoa umezaliwa mlango ukiwa wazi tayari. Mtu wa Bariadi anaweza kuwa na kadi ya Addis Ababa, akapanda ndege ya shirika la nchi nyingine, na maili zikasomeka Addis. Kwenye karatasi ni raha tupu. Kwenye maisha, kila shirika linaloongezeka ni daftari lingine linaloongezeka, na maili hupotea katikati ya madaftari.

ZINAPOTELEA WAPI?

Ya kwanza, namba ya kadi haikuandikwa kwenye tiketi. Wakala hana sababu ya kukumbuka kadi yako.

Ya pili ni jina, na hii Wasukuma waisome mara mbili. Ukijiandikisha kama Ng'wandu, pasipoti sehemu ile inayosomwa na mashine haina kile kialama cha juu, na tiketi nayo inakuandika NGWANDU. Mwingine kwenye kadi kajiita Mwandu kabisa. Kwa mama yako ni jina moja. Kwa kompyuta, hao ni watu wawili.

Ya tatu ni daraja la tiketi. Kila tiketi ina herufi moja inayoonyesha aina ya nauli. Baadhi ya nauli za chini kabisa na tiketi za makundi hazitoi maili kwa mshirika hata moja. Hapa hakuna aliyeibiwa. Ile bei poa ndiyo iliyokula maili.

Ya nne, namba ya safari inaweza kuwa ya shirika moja na ndege ikawa ya shirika jingine. Na kundi nalo lina mipaka: safari ya SkyTeam haiingii kwenye kadi ya Star Alliance kwa sababu tu zote ni ndege. Emirates haimo kwenye kundi lolote kati ya hayo matatu, inachagua washirika wake yenyewe.

Juu ya yote hayo, hata kipimo chenyewe kimebadilika. Zamani wengi walihesabu umbali. Flying Blue ya Air France na KLM, kwa mfano, tangu 2018 inahesabu pesa uliyolipa kwa safari zao wenyewe. Mizani ile ile, mawe mengine.

KUDAI NI KAZI YA MWENYE PAMBA

Dada wa Bariadi bado ana nafasi, kama hakutupa karatasi. Dai halipelekwi kwa shirika alilopanda, linapelekwa kwa wenye kadi yake. Wanataka vitu viwili: namba ya tiketi na pasi ya kupandia ndege. Namba ya tiketi ina tarakimu 13, na tatu za mwanzo zinamtaja mwenye tiketi: 071 ni Ethiopian, 706 ni Kenya Airways. Pasi ipigwe picha kabla haijaishia kwenye begi la nguo chafu. Herufi ya nauli iangaliwe kwanza kwenye jedwali la mshirika, ili asipoteze muda kudai kisichokuwepo. Na asilale: mipango mingi inatoa miezi 6 tangu siku ya safari, mingine 12. Ukipita hapo, hata uwe na ushahidi wa kujaza gunia, imekula kwako. Na kama safari ilishaandikwa kwenye kadi nyingine, haihesabiwi mara ya pili.

Zamani kule Usukumani hakuna mnunuzi aliyeamka asubuhi akasema leo nimrudishie mkulima kilo zake. Zilirudi mkulima alipokuja na uzito wake umeandikwa. Sasa hivi mdogo mtu yuko Bariadi anasubiri kuambiwa kama safari ipo, na jibu liko kwenye kile kipande cha karatasi alichopewa dada yake getini. Kama bado kipo.