Mshipi wa Kuvulia: Namba ya Kwenye Roli Haisemi Yote

Mmezoea kunisoma hapa nikilalamika kuhusu hifadhidata na programu zinazokwama usiku wa manane. Leo tuhame kidogo. Nataka kuzungumzia uzi, ule wa kuvulia samaki ukiwa umesimama ufukweni, ambao watu wa Pwani huuita mshipi. Msikimbie. Teknolojia iliyojificha ndani ya uzi huo haina cha kuionea aibu tarakilishi yako.

Swali lililonifanya nianze kuchimba ni dogo tu. Unaingia dukani unakuta roli mbili, zote zimeandikwa kilo 10. Moja ni ya nailoni nene, nyingine ni nyembamba kama uzi wa kushonea, na bei yake ni mara kadhaa ya ile ya kwanza. Kama zote zinabeba kilo 10, kwa nini mtu alipe zaidi? Na kwa nini wazee wengi wanaovua kutoka kwenye miamba hawaitaki hiyo ya bei?

Ili kujibu inabidi turudi nyuma hadi kwenye kitani. Kabla ya plastiki, mshipi imara wa bahari ulisokotwa kwa nyuzi za mmea huo. Mwaka 1864 matajiri kutoka New York walianzisha klabu ya uvuvi katika kisiwa kidogo cha Cuttyhunk, jimbo la Massachusetts. Walijenga vijia vya mbao juu ya miamba, wakasimama hapo kutupa chambo kwa samaki wenye milia wanaoitwa striped bass. Mshipi wa kitani uliotengenezwa kwa kazi hiyo ukachukua jina la kisiwa, na kwa miongo mingi Cuttyhunk likawa jina la mshipi wa bahari hata kwa watu ambao hawakuwahi kufika huko.

Nguvu ya mshipi huo ilihesabiwa kwa idadi ya nyuzi zilizosokotwa pamoja. Kila uzi ulichukuliwa kubeba takriban ratili 3 ukiwa umelowa, kwa hiyo mshipi wa nyuzi 9 ulikuwa wa ratili kama 27, yaani kilo 12 hivi. Hesabu safi, ya wazi, mtu angeweza kuikagua kwa macho yake. Na tazama lile neno "umelowa". Kitani huongezeka nguvu kikilowa maji, kwa hiyo namba ilikuwa ya hali halisi ya kazi.

Adhabu yake ilikuwa kuoza. Kila ukirudi kutoka baharini ilibidi uutoe mshipi wote, uuoshe chumvi, uukunjue kwenye fremu maalum na kuuanika. Ukichoka ukalala, ukuvu haulali. Na uzi uliooza kwa ndani unaweza kuonekana mzima kwa nje mpaka siku samaki mkubwa anaposhika.

Sasa tuje kwenye maabara. Mwaka 1928 kampuni ya DuPont ilimwajiri mkemia Wallace Carothers kuongoza utafiti wa polima, yaani molekuli ndefu zinazoundwa kwa kuunganisha vipande vidogo kama shanga. Tarehe 28 Februari 1935 kikosi chake kilipata polima iliyokuja kuitwa nailoni. Carothers mwenyewe, aliyesumbuliwa na huzuni kwa miaka mingi, alijiua Aprili 1937. Hakuuona mwaka 1938 nailoni ilipotangazwa, wala foleni za akina mama wa Marekani waliogombea soksi ndefu za nailoni Mei 1940.

Lakini bidhaa ya kwanza ya nailoni kuuzwa haikuwa soksi. Ilikuwa mswaki, mwaka 1938. Sasa chukua unywele mmoja wa mswaki, ufikirie una urefu wa mita 200. Huo ndio mshipi wa nailoni: uzi mmoja, usiosokotwa, usioshika ukuvu, usiohitaji kuanikwa.

Toleo la kwanza, kama matoleo mengi ya kwanza tunayoyajua sisi watu wa programu, lilikuwa na matatizo. Mishipi ya awali ilikuwa migumu kama waya na ilikumbuka umbo la roli, ikitoka imejikunja kama kamba ya simu za zamani. Wavuvi wengi waliendelea na mishipi ya kusuka, kwanza kitani, kisha polista. Mwaka 1958 DuPont walitoa Stren, nailoni laini na nyembamba zaidi, na hapo mlango ukafunguka. Ile rili ambayo kibiringo chake hakizunguki unapotupa (Alfred Illingworth wa Uingereza aliisajili mwaka 1905) ilipata hatimaye uzi unaoifaa. Mtu wa kawaida akaweza kutupa mbali bila kujifunza kwa miaka.

Nailoni ina mambo mawili ambayo roli haikuambii. Kwanza, hunywa maji, na ikilowa hupoteza nguvu kiasi, mara nyingi asilimia 10 au zaidi. Kinyume kabisa cha kitani! Pili, huvutika sana kabla ya kukatika. Wengi huliona hili kama kasoro kwa sababu husikii vizuri samaki akidonoa. Kwangu mimi hii ndiyo sifa yake kuu. Samaki anapogutuka, au wimbi linapouvuta mshipi ghafla, nailoni inanyooka na kumeza ule mshtuko.

Mshtuko wenyewe si wa kuchezea, hata kabla samaki hajafika. Katika fukwe za Uingereza ambako wavuvi hutupa mbali kuvuka mawimbi, uzani wa risasi wa gramu 170 huondoka kwenye fimbo kwa mwendo wa zaidi ya kilometa 100 kwa saa. Kwa Kiswahili risasi ni madini na risasi pia ni ile ya bunduki. Hapa maana zote mbili zinafaa. Mshipi ukikatika katikati ya kutupa, kile kipande cha madini kinaruka bila breki, na fukwe zina watoto. Kwa hiyo kule wamejiwekea kanuni: mita chache za mwisho ziwe za mshipi mnene, ratili 10 za nguvu kwa kila wakia 1 ya uzani. Gramu 170 ni wakia 6, basi unahitaji ratili 60, kama kilo 27. Mshipi mkuu nyuma yake unaweza kuwa wa ratili 15 tu, kwa sababu mkong'oto wote wa kutupa unabebwa na kile kipande kinene, ambacho lazima kizunguke kwenye rili mara kadhaa kabla hujatupa. Kwa maoni yangu hakuna kanuni ya uvuvi wa ufukweni iliyo muhimu kuliko hii, na ndiyo inayopuuzwa zaidi na wanaoanza.

Haya, twende kwenye ile roli nyembamba ya bei ghali. Malighafi yake ni polithini, familia ile ile ya mifuko ya plastiki iliyopigwa marufuku Kenya Agosti 2017. Mfuko unachanika kwa kucha, mshipi huu unamshinda papa mdogo. Siri ni mpangilio. Katika mfuko molekuli zimevurugika kama tambi kwenye sufuria. Katika kampuni ya DSM ya Uholanzi, Paul Smith na Piet Lemstra walichukua polithini yenye molekuli ndefu mno, wakaiyeyusha katika kimiminika ili tambi zijifungue, wakaipitisha kwenye matundu madogo ikatoka kama jeli, kisha wakaivuta na kuivuta mpaka molekuli zikalala sambamba kama nywele zilizochanwa. Hataza yao ni ya mwaka 1979. Dunia inaijua kama Dyneema. Marekani ikauzwa nyingine ya aina hiyo kwa jina la Spectra. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ikaanza kusukwa kuwa mishipi ya kuvulia.

Kwa unene ule ule inaishinda nailoni mbali sana. Hainywi maji, inaelea, na karibu haivutiki, kwa hiyo samaki akigusa chambo mita 80 mbele unasikia kidoleni. Nilipoishika mara ya kwanza nilidhani historia imeishia hapo.

Haikuishia. Mshipi huu umesukwa kwa nyuzi nyembamba sana, na kila ukisugua jiwe kali unakata baadhi yake. Ukiwa umekazwa kwenye mwamba wenye chaza, unaweza kwenda kwa sekunde. Ni mtelezi, kwa hiyo mafundo yaliyoshika vizuri kwenye nailoni huteleza na kufunguka. Huyeyuka kwenye nyuzi joto 150 hivi, wakati nailoni husubiri zaidi ya 200. Na kwa kuwa hauvutiki, mshtuko wote unaishia kwenye fundo, kwenye mdomo wa samaki, au kwenye kidole chako. Usiuvute kamwe kwa mkono mtupu.

Kuna pia florokaboni, ambayo kampuni ya Kureha ya Japani iliitoa kama mshipi mwaka 1971. Inapinda mwanga karibu sawa na maji, kwa hiyo haionekani kirahisi, na haichakai upesi kwa jua. Ni ghali, na inafaa kwa kipande kifupi karibu na ndoana.

Na ile namba? Hapa kuna jambo linalowachanganya wengi. Shirika la IGFA, lililoanzishwa mwaka 1939 kutunza rekodi za uvuvi wa michezo, hupima mshipi ukiwa umelowa, na ukikatika juu ya uzito wa daraja lake, rekodi haikubaliwi katika daraja hilo. Kwa hiyo mishipi ya mashindano hutengenezwa ikatike chini ya namba. Mishipi ya kawaida mara nyingi hukatika juu yake, kwa kuwa hakuna mteja anayelalamika akipewa zaidi. Namba ile ile, ahadi mbili tofauti. Moja ni kikomo cha juu, nyingine ni cha chini. Roli iliyotaja pia unene kwa milimita inakupa cha kulinganisha.

Pwani yetu ina matumbawe karibu kila mahali, na chewa akishika chambo hukimbilia shimoni moja kwa moja. Nikivua Kilifi natumia nailoni ya milimita 0.45 kama mshipi mkuu, na mita chache za nailoni nene zaidi mbele. Wa kusuka nauweka kwa siku ya mchanga mtupu na kolekole, nao pia huunganishwa na nailoni mbele. Kila fundo nalilowesha kwa mate kabla ya kulikaza, maana joto la msuguano hulidhoofisha. Mita za mwisho nazipitisha katikati ya vidole kila baada ya samaki kadhaa. Nikisikia mkwaruzo nakata. Roli haikai juani.

Risasi naifunga kwa njia niliyoiiga kwa Waingereza, wao huiita "rotten bottom", yaani chini palipooza. Kamba fupi ya kushikilia risasi inakuwa dhaifu kuliko mshipi wote, na kijiti kidogo huikinga isibebe uzito wakati wa kutupa. Risasi ikinasa kwenye mwamba, ile kamba ndiyo inayokatika. Samaki anabaki kwenye ndoana, na baharini inabaki sentimita 15 za nailoni badala ya mita 50 za kumsubiri kasa.