Walifanywa dawa, wakanyimwa dawa



Ndugu zangu, darsa la leo ni la historia, na linatuhusu sisi wa Rukwa. Wazee wa Ufipa hutwambia kuwa jina Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Tujiulize: tumeutupa?

Kuanzia mwaka 2007 nchi ilianza kusikia kwa wingi habari za ndugu zetu wenye ualbino kuuawa na kukatwa viungo, hasa Kanda ya Ziwa. Waganga waongo waliwaambia wateja wao kuwa viungo hivyo ni dawa ya utajiri. Mwanzoni mwa 2009 Waziri Mkuu Mizengo Pinda, mbunge wa kutoka Mpanda, ambayo wakati ule ilikuwa ndani ya mkoa wetu, alitokwa na machozi bungeni kwa ajili ya jambo hili. Kisha likafika kwetu. Februari 2013, ndani ya siku chache tu, mama mmoja na mtoto wa shule walikatwa mikono hapa Rukwa. Machi 2015 akafuata mtoto mwingine mdogo.

Hayo mnayajua. Lakini yuko muuaji mwingine, mkimya, naye ni jua.

Mwenye ualbino amezaliwa na upungufu wa ile rangi inayokinga ngozi na kusaidia macho kuona. Hakuna laana hapo: ni urithi kutoka kwa baba na mama wote wawili, hata kama wao ni weusi. Mwaka 1985 madaktari wa Dar es Salaam walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa ngozi yao huanza kuharibiwa na jua tangu mwaka wa kwanza wa maisha. Saratani hupenda kuanzia usoni, midomoni, shingoni na masikioni. Wazee walisema "zeruzeru hafi, hutoweka". Ukweli ni kwamba wengi walikuwa wakifa mapema, wengine wakiwa wamefichwa ndani.

Tazameni msiba huu: mtu anafanywa dawa ya wengine, na dawa yake mwenyewe ananyimwa!

Na dawa ipo. Chama cha Albino kiliundwa mwaka 1978. Mwaka 1992 kilifunguliwa pale KCMC, Moshi, kituo cha kufundisha wataalamu wa magonjwa ya ngozi, na baadaye hapo hapo Moshi yakaanza kutengenezwa mafuta ya kukinga jua yaitwayo Kilisun, kwa ajili ya ndugu zetu hawa.

Basi mzazi, mwalimu na jirani, shikeni haya:

1. Mafuta ya jua yapakwe kabla ya kutoka nje, na yarudiwe kila baada ya saa mbili. Msisahau masikio na shingo.
2. Kofia pana inayofunika masikio, na nguo za mikono mirefu. Kofia ya kapelo haitoshi. Baridi ya Sumbawanga isiwadanganye: tuko juu sana, na jua la shambani linaunguza hata upepo ukivuma.
3. Macho yapimwe mapema. Miwani husaidia, ila hairudishi uoni wote. Mtoto akae mbele darasani na aruhusiwe kusogelea ubao. Si mjinga, haoni vizuri.
4. Kidonda kisichopona kwa wiki kadhaa, msikipake majani. Nendeni hospitali. Kikiwahiwa, hukatwa na mtu akapona.

Mtume (S.A.W.) alituamrisha kujitibu, na akatutahadharisha vikali na kwenda kwa wapiga ramli. Alimfanya Abdullah bin Ummi Maktum, asiyeona, kuwa mwadhini wake, na akamwachia usimamizi wa Madina alipokuwa safarini. Katika Surat Ar-Rum Allah ametaja kutofautiana kwa rangi zetu kuwa ni miongoni mwa ishara zake. Vipi basi ishara ya Allah iwe bidhaa ya mganga?

Tukichangia sanda, hatukosi. Safari hii tuchange kabla ya sanda: kofia moja, chupa moja ya mafuta, nauli ya kwenda hospitali. Kila msikiti ukijua watoto wake wenye ualbino ni wangapi na jua linawakutaje, tutakuwa tumeanza kustahili jina la mji wetu.

Allah awahifadhi, na atusafishe nyoyo zetu. Aamin. Mfikishie na mwenzako.