Sayansi ya Chai Mtandaoni: Nani Anamjibu Mkulima wa Boito?

Kutoka Timbilil, Kericho, yaliko makao ya Taasisi ya Utafiti wa Chai, hadi Boito katika eneo bunge la Konoin, Kaunti ya Bomet, si mwendo mrefu. Hata hivyo, matokeo ya utafiti siku hizi humfikia mkulima kupitia simu: tovuti ya Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo (KALRO), programu zake na kurasa za mitandao ya kijamii. Nashikilia kwamba taasisi zetu za umma zimejua kutangaza kabla ya kujua kujibu, na kwamba chanzo ni mgawanyo wa kazi serikalini zaidi kuliko uhaba wa intaneti.

Tuchukue chai ya zambarau. Mche wa TRFK 306 ulitolewa kwa wakulima mwaka 2011, baada ya utafiti wa takriban miaka 25. Habari zake mtandaoni husifu anthosiyanini, kemikali inayoyapa majani rangi, na manufaa yake kwa afya. Ni kazi ya kujivunia. Lakini mwenye robo ekari ana swali lake: nikiyapeleka majani haya kituo cha kununulia, yatapokelewa? Yakichanganywa na ya kijani, upekee wake umekwisha. Lazima kiwanda kiyasindike peke yake. Mche mpya huchukua kama miaka mitatu kabla ya kuchumwa sawasawa, kisha hukaa shambani kwa miongo. Anayeng'oa michai iliyokomaa kwa kusoma sifa tu anacheza na karo ya watoto. Taarifa ya mche isiyotaja kiwanda kitakachoupokea ni nusu taarifa, hata kama kila sentensi yake ni kweli.

Swali kama hilo ni la kumuuliza afisa ugani, mkiwa mmesimama katikati ya michai. Katiba ya 2010 ilizipa kaunti kilimo cha mazao, na ugani ukaenda huko. Utafiti ukabaki kwa serikali ya kitaifa. Kati ya Timbilil na Bomet, tovuti ikaachiwa kazi ya mtu.

Kwa utabiri wa mvua, Vihiga walifanya vingine. Idara ya Hali ya Hewa ilikaa na wazee wa ukoo wa Nganyi, watabiri wa mvua wa jadi, wakalinganisha utabiri wao kabla ya kuutangaza kwa lugha ya wenyeji. Mtaalamu alilazimika kueleza maana ya "mvua juu ya wastani" mbele ya watu wenye heshima ya kumbishia. Hapo ndipo sayansi hupata imani ya umma.

Kifungu cha 35 cha Katiba kinaitaka serikali kuchapisha na kutangaza taarifa muhimu kwa taifa. Kwa Boito, wajibu huo utimizwe hivi: kila pendekezo liwe na tarehe, mipaka ya mahali linapofaa, na ofisi inayopokea maswali kwa Kiswahili na Kipsigis. Maswali ya vituo vya kununulia majani yarudi Timbilil, na majibu yachapishwe yote, yakiwemo yale ambayo watafiti bado wanayatafuta.