Bunduki ya Jenerali Thompson na Mwenye Nyumba

Jenerali John T. Thompson wa Marekani, alipoasisi kampuni ya Auto-Ordnance mwaka 1916 kwa mali ya tajiri Thomas Fortune Ryan, hakuwa na fikira ya mwenye nyumba aamshwaye usiku kwa kishindo cha mwizi; alikusudia kumpatia askari aliyekwama katika mahandaki ya Ufaransa rashasha ndogo ya kuchukulika mkononi. Lakini vita vilikwisha Novemba 1918 kabla silaha hiyo haijavuka bahari, na kampuni ya Colt ilipokwisha kuziunda 15,000 kwa mkataba wa mwanzo wa miaka ya 1920, majeshi hayakuwa na haja nazo, na polisi walinunua chache mno.

Hapo ndipo raia alipokumbukwa. Ilichapishwa ilani iliyomwonyesha mchunga ng'ombe amesimama barazani pa nyumba ya shamba, akiwamiminia risasi majambazi waliokuja kumvamia. Na maadhali sheria ya nchi nzima ya kumzuia mnunuzi haikuwapo bado, mtu wa kawaida mwenye fedha aliweza kuipata rashasha dukani pasipo taabu kubwa. Fedha yenyewe, hata hivyo, ilikuwa kiasi cha dola 200, katika miaka ambayo motokaa mpya ya Ford Model T ilipatikana kwa chini ya dola 400.

Na alichokinunua kilikuwa nini? Chuma na mbao zenye uzito wa karibu kilo tano kabla ya kutiwa risasi, pamoja na mkebe wa duara wa risasi 50, ambao springi yake hutiwa ufunguo kama saa ya ukutani, na usipotiwa sawasawa risasi hazipandi. Mwendo wake ulizidi risasi 800 kwa dakika, hata mkebe mzima uliweza kwisha kabla ya kutimia sekunde nne, ilhali mtutu unapanda juu katika mikono ya asiyezoea, na zile risasi nzito zinapenya kuta nyembamba za mbao hadi chumba cha pili, walalamo watoto. Kwa rai yangu, mkulima aliyebaki na bunduki yake ya marisawa ya mitutu miwili alikuwa na akili kuliko mwandishi wa ilani ile.

Walioiona faida yake ni wale hasa ambao mwenye nyumba aliwaogopa. Magenge ya Chicago, yaliyotajirika kwa magendo ya pombe iliyopigwa marufuku, hayakujali bei. Na tarehe 14 Februari 1929 watu saba waliuawa kwa rashasha mbili za namna hiyo ndani ya gereji, baadhi ya wauaji wakiwa wamevaa sare za polisi. Kutokana na taharuki ya miaka hiyo, sheria ya mwaka 1934 ililazimisha kila rashasha iandikishwe, na ikaitoza ushuru wa dola 200 kila inapohama mkono, yaani takriban thamani ya bunduki yenyewe.

Maelfu ya zile zilizoundwa na Colt zilikuwa zingali ghalani mwaka 1939, vita vilipozuka tena Ulaya na Ufaransa na Uingereza zikaja kununua. Jenerali Thompson alifariki Juni 1940, oda za majeshi zikiwa ndiyo kwanza zinamiminika.